Katwe Inalishwa na Wateja Tusiowahesabu

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa Katwe, kwenye duka la ndugu yangu, mtoto wa shangazi. Anauza sufuria za aluminiamu, majiko ya mkaa, mabeseni na yale masanduku ya bati ambayo watoto wetu hubeba wanapokwenda shule za bweni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na, kama ilivyo kawaida ya Katwe, maji yalikuwa yametuama mbele ya milango, watu wanapita juu ya mbao.

Hatujamaliza chai akaingia mama wa makamo, kajifunga kitenge, mkononi ana daftari na kalamu. “Jambo, Papa,” akasema. “Niko natafuta masufuria makubwa, ya kupikia mu mafete. Niko nabeba mingi.”

Kwa mtu aliyewahi kuvuka Mpondwe, maneno hayo hayahitaji mkalimani. Huyo ni mnunuzi wa jumla kutoka upande wa Beni au Butembo, na daftari lile ni orodha ya mali aliyoagizwa na wenzake. Lakini ndugu yangu alimjibu kwa Kiganda. Alipoona hakueleweka akahamia Kiingereza. Mama akatabasamu, akasema asante, akavuka mtaro na kuingia duka la pili, ambako kijana anayeuza ni Mkongo. Nilihesabu kwa macho yangu sufuria zilizotolewa nje na kufungwa kamba. Zilikuwa 38. Ndugu yangu akasonya. “Hawa Wakongo,” akasema, “wametujaa mno.”

Naandika tahariri hii kwa sababu ya msonyo ule.

Ndugu yangu si mtu asiyetembea. Alipiga kyeyo Marekani miaka 11, katika mji wa Waltham karibu na Boston, ambako Waganda ni wengi kiasi kwamba mgeni anaweza kuishi wiki nzima bila kukosa mtu wa kuongea naye lugha ya nyumbani. Aliosha wazee, akafanya kazi za usiku, akajinyima, akarudi na mtaji. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua njia hiyo, iwe waliipitia Boston, London, Dubai au Johannesburg.

Nikamkumbusha jambo alilonisimulia mwenyewe aliporudi. Alipofika kule, mtu wa kwanza kumuuzia ndizi mbichi na muhogo hakuwa Mzungu. Alikuwa mwenye duka wa asili ya Kilatino, mmoja wa wale waliotoka visiwa vya Karibi, Meksiko na Amerika ya Kati, wanaozungumza Kihispania. Mlatino yule hakuwa na habari na matoke, lakini watu wake hula ndizi mbichi na muhogo, kwa hiyo vilikuwa kwenye rafu. Alipoona Waganda wanaingia kila Jumamosi, akaongeza mzigo na kujifunza kusema “mukwano”. Ndugu yangu alikuwa akilisimulia hilo kwa furaha kubwa. Nilipomkumbusha, alinyamaza.

Nikae hapo kidogo, kwa sababu habari ya Walatino wa Marekani ina somo ambalo wafanyabiashara wetu hawajalipata. Watu hao nao waliitwa wageni, wengi wakiwa wamezaliwa palepale. Walisemwa kwamba wananyang'anya wenyeji kazi, kwamba hawajui Kiingereza, kwamba wamejaa mno. Mwaka 1970 idara ya sensa ya Marekani iliuliza swali kuhusu asili yao kwa sampuli ya kaya tu. Mwaka 1980 ikaliuliza kwa kila mtu. Kabla ya hapo mtu angeweza kusema lolote juu yao, kwa vile idadi yao kamili haikujulikana. Sensa ya 2020 ilipata Walatino milioni 62.1, sawa na asilimia 18.7 ya watu wote wa nchi ile, karibu mmoja kati ya kila watano.

Ikishajulikana idadi, mwenye kampuni hahitaji kuhubiriwa upendo. Benki zikaweka Kihispania kwenye mashine za kutolea fedha. Kampuni za simu, za magari na za sabuni zikatangaza biashara kwenye televisheni za Kihispania. Tena hawakuwa wanunuzi peke yao. Kampuni ya vyakula ya Goya ilianzishwa New York mwaka 1936 na mume na mke wahamiaji kutoka Uhispania, wakiwauzia wahamiaji wenzao mafuta ya zeituni, zeituni na dagaa wa kopo. Wahamiaji wa Puerto Rico walipoongezeka, wakaongeza maharage na viungo vya huko. Leo kopo la maharage la Goya linapatikana katika maduka makubwa ambayo wateja wake wengi hawajui hata neno moja la Kihispania.

Sasa turudi Katwe.

Anayeijua Katwe kwa sinema tu, ile ya mwaka 2016 kuhusu binti wa sataranji, hajui kinachoiweka mjini. Katwe ni nyundo. Kuna vijana wanaoyeyusha vyuma chakavu vya aluminiamu na kumimina sufuria, wanaokunja bati kuwa sanduku, wanaochomelea mageti, mikokoteni, mashine za kufyatulia matofali na za kukaangia bisi. Watu wa mjini hutania kwamba kitu kisicho halisi “kimetoka Katwe”, na ni kweli wapo mafundi waliotupatia sifa hiyo mbaya. Lakini sufuria ya Katwe haijifanyi kitu kingine. Ni nzito, haipindi, na moto wa kuni hauishindi. Kwa sababu hiyo mama wa Butembo anaacha zile nyepesi za dukani na kusafiri zaidi ya kilomita 400 kuifuata.

(Mtaniruhusu niseme pembeni kwamba Katwe nyingine, ile ya Kasese yenye ziwa la chumvi, ilikuwa ikiwauzia watu wa Kongo chumvi tangu kabla Mzungu hajachora mpaka. Kuiuzia Kongo si jambo la jana.)

Wateja hawa wanaosema Kiswahili ni wa namna mbili, na ndugu yangu anawachanganya. Wa kwanza ni wale wapitao, kama yule mama: wanakuja na basi, wanalala siku mbili tatu katika nyumba za wageni, wananunua na kuondoka. Wa pili ni wakazi. Hao ni wakimbizi na jamaa zao waliokimbia vita vya Kivu na Ituri tangu miaka ya 1990, wakapanga vyumba Katwe, Nsambya, Kibuye na Najjanankumbi, wakazaa, wakasomesha. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na walioandikishwa hapa Kampala peke yake wanazidi 100,000.

Wanakula nini watu hao? Wanalala wapi? Wanavaa nini? Sisi waandishi tumezoea kuandika habari za mkimbizi anayepanga foleni ya unga. Mkimbizi wa Kampala hapangi foleni hiyo, kwa kuwa mgawo wa chakula hutolewa kambini, na aliyechagua mji amechagua kujitegemea. Analipa kodi ya chumba kila mwezi. Ananunua mkaa, maji ya madumu, vocha ya simu, sare za shule. Fedha hiyo inaingia mkononi mwa mwenye nyumba Mganda, mwenye duka Mganda, mwenye boda boda Mganda. Iwapo ametumiwa dola 100 na dada yake aliyehamishiwa Marekani au Kanada, dola hizo zinaishia Katwe jioni ileile.

Chukua mfano wa majani ya muhogo. Mkulima wa Buganda analima muhogo kwa ajili ya mizizi, na majani hakuyazoea mezani kwake. Mkongo bila sombe hajala. Leo katika masoko ya upande ule wa mji utakuta majani hayo yamefungwa kwa mafungu au yametwangwa tayari, na anayeyaleta kutoka shambani mara nyingi ni mama wa Kiganda ambaye zamani alikuwa akimtupia mbuzi. Hakuna mradi wa serikali ulioleta biashara hiyo. Ililetwa na hamu ya mtu kula chakula cha kwao.

Au chukua vitenge. Wanaume na wanawake wa Kikongo wanachukua vitenge kwa jumla katikati ya mji, wanavitembeza begani ofisi kwa ofisi, mtaa kwa mtaa, na kuuza kwa malipo ya mwisho wa mwezi. Wengi wetu tuliovaa kitenge cha arusi tulikinunua kwa mkopo wa namna hiyo, kutoka kwa mtu asiyekuwa na mahakama ya kutushtaki kama tusingelipa. Mikopo ya benki inataka hati ya kiwanja. Mkopo wa Mkongo ulitaka sura yako tu.

Ukivuka kidogo kuelekea mjini unaingia Kisenyi, na hapo mambo ni ya Wasomali. Maduka ya jumla, nyumba za kulala wageni, mikahawa ya pasta na wali, wabadilisha fedha, ofisi za kutuma pesa, tuna ya kopo inayoletwa kutoka ng'ambo. Mwenye duka dogo katika kambi ya Nakivale, mamia ya kilomita kutoka hapa, anapiga simu Kisenyi asubuhi kuagiza mchele, sukari na maziwa ya unga. Na tangu huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2009, hana haja ya kubeba noti mfukoni njia nzima.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu uchumi wa wakimbizi wa Uganda. Kati ya wakimbizi wa Kampala waliowahoji, asilimia 21 walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na katika kila waajiriwa 10 wa biashara hizo, 4 walikuwa raia wa Uganda. Nilipoisoma takwimu hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Sisi tulikuwa tukibishana kama mkimbizi anatunyima kazi, kumbe mtoto wa jirani anapokea mshahara wake kwa mkimbizi.

Sheria yetu katika hili ni nzuri kuliko vinywa vyetu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kufanya biashara, kuanzisha kampuni na kutembea nchini. Nchi nyingi zilizo tajiri kutushinda haziruhusu hayo. Lakini sheria haimfikii mtu mlangoni. Kwa muda mrefu mkimbizi alipata taabu kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa kuwa makampuni yalitaka kitambulisho cha taifa, hata mwaka 2019 tume ya mawasiliano ilipoelekeza kadi ya mkimbizi na barua ya utambulisho wa familia zikubaliwe. Asiye na laini hawezi kupokea pesa kwa simu, na asiyepokea pesa kwa simu hafanyi biashara ya maana Kampala. Mtu anapata leseni ya biashara, anaibandika ukutani, kisha anakuja askari asiyejulikana ametumwa na nani, anamwambia leseni ya Mkongo haitoshi, atoe “chai”. Nimeambiwa habari hiyo na wauzaji watatu katika mtaa mmoja. Kila mmoja aliniomba nisimtaje.

Nisiwe mtu wa kusema upande mmoja. Malalamiko ya ndugu yangu hayakuota hewani. Kodi za vyumba zimepanda katika mitaa ile, na mwenye nyumba akishagundua kwamba mgeni hatabisha, huwapandishia wote. Fundi anayetegemea kuuza rejareja anamwona muuzaji wa Kisomali akishusha bei hadi pasipo na faida, kwa kuwa yule anachukua mzigo pamoja na jamaa zake wanne na kugawana gharama ya lori. Inauma. Tena wapo wageni wanaofanya magendo, na wapo wenyeji wanaowasaidia. Lakini nilimuuliza ndugu yangu: mwenye nyumba aliyekupandishia kodi ni Mkongo? Akasema ni Mganda, tena mzee wa kanisa. Nikamuuliza tena: na hao Wasomali wanne waliochanga lori, nani alikukataza wewe na majirani zako wanne mchange lori? Hakujibu, nami sikumsukuma.

Sisi Waganda tuna historia inayotupasa kuogopa msonyo wa namna ile. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na watu walishangilia barabarani. Walisemwa maneno yaleyale: wamejaa mno, wanajuana wenyewe kwa wenyewe, wanatunyonya. Baadhi ya maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, sitakataa. Maduka yakagawiwa. Hadi leo wazee husimulia juu ya mwenye duka mpya ambaye mteja alipomuuliza bei ya shati alitazama namba ya kola na kusema hiyo ndiyo bei. Tulicheka, lakini baada ya miezi michache sukari, sabuni na chumvi vikaadimika, likazaliwa neno “magendo” kwa maana tunayoijua sisi. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilididimia hadi wenyewe waliporudi miaka ya 1980, na Serikali ya Rais Museveni ikawarudishia wengine mali zao. Miaka mingi ilipotea katikati. Aliyeumia zaidi hakuwa Mwaasia aliyefika Leicester akafungua duka jingine. Ni mama wa Masaka aliyefua nguo kwa majivu.

Ninyi mnaovuka mipaka mmeyaona mengine ya karibu zaidi. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005, Juba ilikuwa dhahabu kwa mfanyabiashara wa Uganda. Vita vya Desemba 2013 vikalifunga soko lile kwa siku chache, na vya 2016 vikalifunga tena, na wapo waliopoteza malori na mali ambavyo hawajavilipwa. Bunagana ilipochukuliwa na M23 Juni 2022, wanaouza kuelekea Rutshuru na Goma walibaki na mizigo mikononi. Kilichotokea baada ya hapo hakikuandikwa sana: baadhi ya wateja walewale walikuja kuishi kwetu. Soko la Juba na soko la Rutshuru yamehamia kwa sehemu Kampala, kwenye vyumba vya kupanga, nasi tunaliangalia soko hilo kama mzigo wa Umoja wa Mataifa.

Mzigo wenyewe unazidi kuwaangukia. Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani lilisitisha chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini kwa kukosa fedha. Aliyeachwa kambini bila mgawo na bila shamba la kutosha atafanya nini? Atakuja mjini. Ama atakuta mlango wa biashara uko wazi, anunue, auze na aajiri, ama atakuta msonyo.

Naziomba mamlaka zinazohusika jambo dogo kabla ya makubwa: wahesabuni. Kwa miaka mingi Benki Kuu na idara ya takwimu wamekuwa wakiweka watu mipakani kuhesabu biashara isiyo rasmi, gunia kwa gunia na baiskeli kwa baiskeli, na mara kwa mara Kongo imekuwa juu katika orodha ya wanunuzi wetu. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini sufuria ikinunuliwa na mama wa Butembo na kuvuka Mpondwe, inahesabiwa. Ikinunuliwa na dada yake anayekaa Katwe, haimo katika hesabu ya Mkongo yeyote. Mwenye nyumba, mwenye benki na diwani hawawezi kumheshimu mnunuzi ambaye hawajui ukubwa wa mfuko wake.

La pili ni lugha. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wengi wetu bado tunakiona kama lugha ya wanajeshi na wezi, kwa sababu tulizozipata katika miaka mibaya. Siwalaumu waliopigwa kwa Kiswahili wakikichukia. Lakini Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Somalia ikamaliza taratibu za kuingia mwaka 2024. Mama mwenye daftari hawezi kungoja mtoto wa darasa la pili akue ndipo auziwe sufuria. Maneno ya dukani hayazidi 100: bei, jumla, punguza, kesho, risiti, mzigo. Mlatino wa Waltham alijifunza “mukwano” bila kwenda shule.

Na la tatu ni karatasi, ambalo nalisema kwa wanaovuka mpaka hasa. Katika Jumuiya yetu, mfanyabiashara mdogo mwenye mali iliyotengenezwa ndani ya nchi wanachama, isiyozidi dola 2,000, anaweza kutumia cheti rahisi cha asili na kuepushwa ushuru wa forodha kati ya nchi zinazoutumia utaratibu huo. Sufuria ya Katwe imetengenezwa Uganda, hilo halina mjadala. Ukitaka ushahidi ingia uchochoroni uone moto. Lakini mnunuzi akifika mpakani bila risiti, anabaki kubishana na maofisa kwa maneno matupu, bei ya mali yake inakadiriwa kwa jicho, na mara nyingi jicho hilo huwa kubwa. Mafundi wetu wanaogopa risiti kwa sababu wanaogopa kodi. Hofu hiyo inaeleweka. Aprili 2024 tuliona maduka ya katikati ya Kampala yakifungwa kwa mgogoro wa risiti za kielektroniki, na hoja za wafanyabiashara hazikuwa za kupuuzwa. Hata hivyo, risiti ya kawaida ya daftari, yenye jina la duka, idadi na bei, haijamfilisi mtu. Kumnyima mteja wa jumla karatasi ile ni kumfukuza kwa upole.

Kwa ninyi mliorudi kutoka nje nina neno moja tu. Mlipokuwa huko mlikuwa Walatino wa watu wengine. Mlikuwa wengi mno katika basi la usiku, mlikuwa na lafudhi, mlipika vitu vyenye harufu. Yupo mtu aliyewauzia bila kusonya, akafaidi fedha yenu, nanyi mkafaidi ndizi zake. Mmerudi na mtaji, lakini uzoefu ule wa kuwa mteja mgeni ni mtaji pia, na ambaye hakutoka hana.

Sikumwambia ndugu yangu yote haya siku ile. Tulimaliza chai, nikaondoka. Alhamisi iliyofuata nilipita tena, nikamkuta ameandika kwa chaki kwenye ubao wa bati, herufi zimepinda kidogo: SUFURIA ZA JUMLA, BEI NZURI, KARIBU MAMA. Juu ya meza kulikuwa na kitabu kipya cha risiti, bado kimefungwa. Aliniambia yule mama hupita kila baada ya wiki tatu, amemuulizia kwa kijana wa duka la pili. Kisha akaniuliza, akijifanya anatafuta kitu chini ya meza, hivi “mafete” maana yake ni nini hasa.